Marekebisho ya Katiba na Kukua kwa Mamlaka ya Rais Nchini Kenya, 1964–1991: Nafasi ya Bunge

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza jinsi mamlaka ya Rais yalivyokua nchini Kenya kati ya mwaka 1964 na 1991 kwa njia ya marekebisho ya Katiba. Katika kipindi hicho hakukuwa na mapinduzi ya kijeshi yaliyofanikiwa, Bunge halikuwahi kufungwa kwa mtutu wa bunduki, na chaguzi kuu ziliendelea kufanyika. Hata hivyo, kufikia mwishoni mwa mwaka 1988 Rais aliweza kumwondoa kazini jaji bila kuunda jopo la kumchunguza, chama cha siasa kilikuwa kimoja kwa amri ya Katiba yenyewe, na raia aliweza kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Kila hatua kuu iliyoifikisha nchi hapo ilipigiwa kura bungeni.

Maandishi mengi kuhusu kipindi hiki huyaeleza mabadiliko hayo kwa kutazama tabia za watu wawili, Jomo Kenyatta na Daniel arap Moi: huyu alikuwa mkali, yule alikuwa na hofu, huyu alizungukwa na watu wa kwao, yule naye vivyo hivyo. Mtafiti hakatai kwamba tabia za viongozi hao zilikuwa na uzito. Lakini maelezo ya namna hiyo yanaliacha Bunge likiwa kama samani katika chumba ambamo wengine walikuwa wakizungumza, ilhali ndilo lililokuwa na kalamu. Hoja ya makala haya ni kwamba mamlaka ya Rais yalikabidhiwa kuliko yalivyonyakuliwa, na kwamba ili kuuelewa makabidhiano hayo ni lazima turudi nyuma ya mwaka 1982, ambao ndio hutajwa zaidi, hadi miaka ya 1965 na 1966.

2.0 Kulegezwa kwa masharti ya kurekebisha Katiba

Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ilikuwa zao la mazungumzo ya Lancaster House jijini London. Iliigawa nchi katika majimbo yenye mabaraza yake, na iliunda Bunge lenye nyumba mbili: Baraza la Wawakilishi na Seneti ya wajumbe 41. Chama cha KADU, kilichowakilisha kwa kiasi kikubwa jamii zilizohofia kumezwa na jamii kubwa zaidi, kiliudai muundo huo. KANU iliukubali shingo upande ili uhuru usicheleweshwe. Masharti ya kuirekebisha Katiba yalikuwa magumu. Marekebisho ya kawaida yalihitaji asilimia 75 ya wajumbe wote katika kila nyumba. Yaliyogusa vifungu vilivyolindwa zaidi, vikiwemo vya haki za raia na vya majimbo, yalihitaji asilimia 75 katika Baraza la Wawakilishi na asilimia 90 katika Seneti.

Kizingiti hicho kilivukwa mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Novemba 1964 KADU ilijivunja na wabunge wake wakajiunga na KANU. Kuanzia hapo asilimia zilizowekwa kwa ajili ya kuwalinda wachache hazikuwa na wachache wa kuwalinda. Tarehe 12 Desemba 1964 Kenya ikawa jamhuri, na nafasi za mkuu wa nchi na mkuu wa serikali zikaunganishwa katika ofisi moja. Kenyatta alishika urais huo kwa kuwa alikuwa Waziri Mkuu. Wananchi hawakupiga kura ya kumchagua Rais.

Marekebisho ya mwaka 1965 hayakuvuta macho ya watu wengi wakati ule na hayatajwi sana hata leo. Kwa maoni ya mtafiti, hayo ndiyo yaliyokuwa mazito kuliko yote. Bunge lilishusha kiwango cha kura za kurekebisha kifungu chochote cha Katiba hadi asilimia 65 katika kila nyumba. Idhini ya Bunge kwa tangazo la hali ya hatari, ambayo awali ilihitaji asilimia 65, sasa ilihitaji wingi wa kawaida tu. Hoja ya Serikali haikuwa ya kipuuzi. Ilikuwa kweli kwamba masharti ya awali yalitokana na maafikiano yaliyosimamiwa na mkoloni, na ilikuwa kweli pia kwamba nchi changa ilihitaji kubadilisha mambo mengi kwa haraka. Jambo ambalo hoja hiyo haikuligusa ni kwamba kiwango kipya kisingeihudumia Serikali ya mwaka 1965 peke yake. Kila Serikali iliyofuata ingeyakuta masharti yale yakiwa yamekwisha kulegezwa.

Matunda yake yalionekana mwaka uliofuata. Machi 1966 mkutano wa KANU mjini Limuru uliigawa nafasi ya makamu wa rais wa chama kuwa nafasi nane, na Oginga Odinga akabaki bila cheo. Mwezi Aprili alijiuzulu umakamu wa Rais wa nchi, na yeye pamoja na wabunge wenzake wakahamia chama kipya cha KPU. Katika muda wa siku chache Bunge lilipitisha marekebisho yaliyomlazimu mbunge anayekihama chama kilichomdhamini kurudi kwa wapiga kura. Kanuni hiyo, ikitazamwa yenyewe, inaweza kutetewa: mpiga kura aliyemchagua mtu kwa tiketi ya chama fulani ana haki ya kuulizwa tena. Hata hivyo wabunge wa KADU walipohamia KANU mwaka 1964 hawakutakiwa kufanya hivyo. Kanuni iligunduliwa siku ilipohitajika. Katika uchaguzi mdogo wa Juni 1966 KPU ilibaki na viti 9, na mwaka huo huo sheria ya kulinda usalama wa umma iliimarishwa ili kuruhusu watu kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa.

Kisha ikaja zamu ya Seneti. Kuiunganisha na Baraza la Wawakilishi kulihitaji kura za maseneta wenyewe, nao hawakuwa na sababu ya wazi ya kuukata mti waliokalia. Njia iliyopatikana ilikuwa kuongeza majimbo ya uchaguzi 41, idadi ile ile ya maseneta, na kuurefusha muda wa Bunge kwa miaka miwili. Seneta alipoteza nyumba yake ila hakupoteza kiti chake. Mtafiti anaona kwamba tukio hili linaeleza uhusiano wa Bunge na ofisi ya Rais vizuri zaidi kuliko hotuba yoyote ya kipindi hicho: taasisi ilikubali kufa kwa sharti kwamba wajumbe wake waendelee kuishi.

Mwaka 1968 mabaraza ya mikoa, ambayo ndiyo yaliyokuwa mabaki ya majimbo, yalifutwa. Utaratibu wa kumchagua Rais pia ulibadilishwa: mgombea alipaswa kuteuliwa na chama, Rais alipewa uwezo wa kuteua wabunge 12, na iliamuliwa kwamba Rais akifariki Makamu wake angeshika nafasi hiyo kwa siku 90. Oktoba 1969, baada ya ghasia zilizofuata ziara ya Kenyatta mjini Kisumu, KPU ilipigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini. Kwa hiyo Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa vitendo miaka 13 kabla ya kuwa hivyo kwa sheria.

3.0 Katiba na shida ya mtu mmoja

Miaka ya 1970 haikuwa na marekebisho mengi mazito, lakini ina matukio mawili yanayoonyesha jinsi Katiba ilivyokuwa imezoeleka kutumiwa kama chombo cha kazi za kila siku.

La kwanza linamhusu Paul Ngei, mmoja wa watu sita walioshtakiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1974 mahakama ilimpata na hatia ya kosa la uchaguzi, na adhabu yake ilimzuia kugombea tena kwa miaka mitano. Katiba ilimruhusu Rais kusamehe makosa ya jinai, ila si kuondoa kizuizi cha aina hiyo. Desemba 1975 Bunge liliirekebisha Katiba kwa haraka ili Rais awe na uwezo huo. Ngei alisamehewa, akagombea, akarudi bungeni na katika baraza la mawaziri. Sheria ya msingi ya nchi ilikuwa imebadilishwa kwa ajili ya mtu mmoja, na hakuna aliyejaribu sana kuficha jambo hilo.

Wiki chache kabla ya hapo, Oktoba 1975, Bunge lilikuwa limepata somo la aina nyingine. Martin Shikuku alisema katika mjadala kwamba kulikuwa na watu waliotaka kuliua Bunge kama walivyokwisha kuiua KANU. Alipotakiwa kuthibitisha, Naibu Spika Jean-Marie Seroney aliamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji uthibitisho. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa katika majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini, wakakaa huko hadi Desemba 1978. Mbunge aliyeupigia kura mswada wa Ngei mwezi Desemba alijua wenzake wawili walikokuwa. Anayezihesabu kura za kipindi hiki bila kuikumbuka hali hiyo atadhani kwamba ridhaa ilikuwa huru zaidi ya ilivyokuwa.

Ifahamike pia kwamba Julai 1974 Kenyatta aliagiza Bunge litumie Kiswahili katika mijadala yake, na Katiba ikarekebishwa kwa ajili hiyo, ila mwaka uliofuata ilithibitishwa kwamba miswada ingeendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Hivyo kwa miaka kadhaa wabunge walijadili kwa lugha moja sheria zilizoandikwa kwa lugha nyingine. Athari za mgawanyiko huo katika uwezo wa mbunge wa kawaida kuupinga mswada zinastahili utafiti wake mahsusi. Hapa zinatajwa tu.

Tukio la pili ni la mwaka 1976. Kundi la wanasiasa lilianza kampeni ya kutaka kifungu cha siku 90 kirekebishwe ili Makamu wa Rais, wakati huo Moi, asirithi nafasi hiyo moja kwa moja. Hili ndilo jaribio kubwa la kurekebisha Katiba lililoshindwa katika kipindi chetu, na namna lilivyoshindwa inafundisha. Halikuangushwa na kura. Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, alitoa taarifa akikumbusha kwamba kufikiria au kuwazia kifo cha Rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kifo, na kampeni ikafifia. Kenyatta alipofariki tarehe 22 Agosti 1978, Moi alishika nafasi hiyo kwa mujibu wa kifungu kile kile. Alirithi pamoja nayo kila uwezo ambao Bunge lilikuwa limempa mtangulizi wake tangu mwaka 1964.

4.0 Kutoka chama kimoja hadi majaji, 1982–1988

Kuhusu mwaka 1982, mpangilio wa matukio ni muhimu. Mara nyingi husemwa kwamba utawala wa Moi ulibadilika na kuwa mkali kwa sababu ya jaribio la mapinduzi la askari wa jeshi la anga tarehe 1 Agosti. Lakini kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee, kilipitishwa mwezi Juni, karibu miezi miwili kabla ya jaribio hilo. Chanzo chake kilikuwa hofu nyingine: Odinga na George Anyona walikuwa katika matayarisho ya kuanzisha chama. Odinga alifukuzwa KANU, Anyona akawekwa kizuizini, na mswada ukapelekwa bungeni na Njonjo, ambaye sasa alikuwa waziri, ukaungwa mkono na Makamu wa Rais Mwai Kibaki. Ulipita bila upinzani wa maana. Mwaka uliofuata Njonjo mwenyewe alianguka na kuchunguzwa na tume ya majaji. Nchi jirani ya Tanzania iliingia katika chama kimoja kisheria mwaka 1965, baada ya tume ya Rais kukusanya maoni. Mtu anaweza kuwa na mashaka juu ya uhuru wa zoezi hilo, lakini Kenya haikuwa na zoezi lolote.

Kifungu cha 2A kilikipa chama silaha ambayo haikuwa imeandikwa ndani yake. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kuwa mbunge pasipo kuwa mwanachama wa KANU, kufukuzwa chamani kulikuwa sawa na kufukuzwa bungeni. Kenneth Matiba alipojiuzulu uwaziri Desemba 1988 akilalamikia wizi katika uchaguzi wa chama, alifukuzwa KANU na kupoteza kiti chake cha Kiharu. Kanuni ya mwaka 1966 ilimtaka mbunge anayehama arudi kwa wapiga kura wake. Sasa chama kiliweza kumtoa mbunge bila kuwauliza wapiga kura kwanza, na aliyetolewa hakuwa na chama kingine cha kumrudisha kwao.

Mwaka 1986 Bunge liliondoa kinga ya kutoondolewa kazini ya Mwanasheria Mkuu na ya Mkaguzi na Mdhibiti Mkuu wa Hesabu. Maofisa hao wawili ndio waliokuwa wakiamua nani ashtakiwe na fedha za umma zimekwenda wapi. Agosti 1988 kinga hiyo iliondolewa pia kwa majaji, na muda ambao polisi waliweza kumzuilia mshukiwa wa kosa la adhabu ya kifo uliongezwa kutoka saa 24 hadi siku 14. Mambo hayo mawili yaliwekwa katika mswada mmoja: siku nyingi zaidi mikononi mwa polisi, na jaji asiye na uhakika wa kazi yake endapo atauliza kilichotendeka katika siku hizo.

Huo haukuwa wasiwasi wa kinadharia. Mwaka 1987 Jaji Derek Schofield alikuwa ameagiza polisi wamlete mahakamani, hai au maiti, mtu aliyekufa akiwa mikononi mwao. Aliondolewa katika kesi hiyo, akaelezwa kwamba angehamishiwa Meru, akajiuzulu. Mwaka 1989, baada ya kinga kuondolewa, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 84, ambacho kilikuwa njia ya raia kudai haki zake za kikatiba, hakiwezi kutumika kwa kuwa Jaji Mkuu hakuwa ametunga kanuni za kukitumia. Haki zilibaki zimeandikwa kama zilivyokuwa tangu uhuru. Mlango wa kuzidai ndio uliofungwa, na aliyepaswa kuufungua alikuwa mkuu wa mahakama yenyewe.

5.0 Bunge lile lile

Bunge lililowaondolea majaji kinga mwaka 1988 lilikuwa limechaguliwa mwezi Machi mwaka huo. Wagombea wake waliteuliwa kwa kura ya mlolongo, utaratibu ambao KANU iliupitisha mwaka 1986: wapiga kura walipanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake, wakahesabiwa. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alitangazwa mshindi bila kura ya siri kupigwa baadaye. Viongozi wa makanisa, akiwemo Askofu Alexander Muge na Askofu Henry Okullu, waliupinga utaratibu huo kwa sababu iliyo rahisi kuelewa: mtu hawezi kusimama mbele ya chifu wake, mwajiri wake na jirani yake kisha akasemwa amechagua kwa uhuru. Kwa mwanahistoria kuna shida ya ziada. Mlolongo hauachi karatasi. Ukishatawanyika, kilichobaki ni tarakimu iliyotangazwa na ofisa wa Serikali na kumbukumbu za waliokuwapo, na katika sehemu nyingi vitu hivyo viwili havipatani.

Bunge hilo lilidumu hadi mwaka 1992, na ndani ya uhai wake lilipiga kura tatu zinazofaa kusomwa kwa pamoja. Agosti 1988 liliondoa kinga ya majaji. Mwaka 1990 liliirudisha, pamoja na ya Mwanasheria Mkuu na ya Mkaguzi Mkuu. Desemba 1991 lilifuta kifungu cha 2A. Kwa sehemu kubwa wajumbe walikuwa wale wale. Waliotetea kuondolewa kwa kinga kama hatua ya busara walitetea kurudishwa kwake kwa maneno yasiyotofautiana sana.

Je, walibadilisha mawazo? Mazingira ya nje ya Bunge yalikuwa yamebadilika bila shaka. Februari 1990 Waziri wa Mambo ya Nje, Robert Ouko, aliuawa. Mwezi Julai Matiba na Charles Rubia waliwekwa kizuizini kwa sababu ya kudai vyama vingi, na maandamano ya Saba Saba yakakabiliwa kwa risasi. KANU iliunda kamati chini ya Makamu wa Rais George Saitoti, ikazunguka nchi nzima kusikiliza malalamiko, na mambo yaliyosemwa hadharani mbele yake yaliwashangaza hata walioiunda. Novemba 1991 nchi wafadhili zilisimamisha misaada. Lakini katika kila jambo utaratibu ulikuwa mmoja: Rais aliamua, mkutano wa chama ukaridhia, kisha Bunge likapiga kura. Kifungu cha 2A kilikufa katika mkutano wa wajumbe wa KANU huko Kasarani. Bungeni kilizikwa tu. Hivyo kura ya mwaka 1991, ambayo huadhimishwa kama ushindi wa demokrasia, ilipigwa kwa mazoea yale yale yaliyopiga kura ya mwaka 1988. Nguvu iliyoileta ilitoka barabarani, makanisani na kwa mawakili waliokuwa wakifungwa.

Jambo hili linaeleza pia mambo ambayo hayakuguswa. Uwezo wa kuwaweka watu kizuizini bila kuwashtaki, ulioimarishwa mwaka 1966 dhidi ya KPU, uliendelea kuwapo hadi mageuzi ya mwaka 1997. Kiwango cha asilimia 65 kilichowekwa mwaka 1965 kilidumu hadi Katiba mpya ilipotangazwa tarehe 27 Agosti 2010. Katiba hiyo iliirudisha Seneti na kuweka sharti kwamba mambo makuu, yakiwemo muda wa urais, uhuru wa mahakama na mamlaka ya wananchi, yasibadilishwe bila kura ya maoni.

Sharti hilo lilijaribiwa miaka 11 baadaye. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilipousimamisha mchakato wa marekebisho uliojulikana kama BBI, majaji waliirejelea historia ya marekebisho ya miaka ya 1960 hadi 1980 na kuamua kwamba muundo wa msingi wa Katiba hauwezi kuguswa kwa njia za kawaida za kurekebisha. Mahakama ya Rufani ilikubaliana nao. Machi 2022 Mahakama ya Juu ililikataa fundisho hilo la muundo wa msingi, ila ikashikilia kwamba Rais hawezi kuanzisha marekebisho kwa kutumia njia iliyowekwa kwa ajili ya wananchi. Kwa hiyo swali la ni sehemu gani ya Katiba ambayo Bunge na wananchi hawana uwezo wa kuitoa limejibiwa kwa namna mbili tofauti ndani ya miezi 11, na mahakama iliyojibu mwisho ndiyo iliyochagua jibu jembamba zaidi.